Usiuze Ng'ombe Kabla ya Kuiuliza Injini

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wenye magari na mashine za vikundi, wilaya ya Kahama



Leo sikuja na kitabu cha kusoma. Nimekuja na daftari. Litazameni. Ni daftari la kawaida, kama la watoto wa shule. Jalada limechafuka kwa oili. Mwenye daftari hili ni mama mmoja, katibu wa kikundi cha wakulima. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, kama ninyi. Amenipa ruhusa niwaonyesheni daftari lake, lakini amesema nisimtaje jina wala kijiji.

Daftari hili liliokoa ng'ombe 6. Nitawaeleza lilivyowaokoa.

GARI LILILOTETEMEKA

Kikundi hicho kina watu 15. Wanalima pamba na mpunga. Waliweka akiba kwa miaka mingi, wakanunua gari la mtumba. Ni Suzuki Escudo ya zamani, iliyotengenezwa Japani miaka ya 1990, yenye injini ya petroli ya silinda 4. Wengi wenu mnayajua magari haya. Yalitumika kwao, kisha yakaja kuanza maisha ya pili katika vumbi letu la Shinyanga na Geita.

Siku ya mnada gari hilo hubeba mchele na nguo za akina mama. Usiku, mtu akizidiwa na ugonjwa, hubeba mgonjwa.

Wakati wa mvua gari likaanza kutetemeka. Likisimama huku injini inawaka, lilitikisika kama mtu mwenye homa. Likitembea, halikuwa na nguvu. Usiku mmoja lilikuwa limembeba mama mjamzito kwenda hospitali. Walipofika kwenye mlima mdogo, injini ikazima. Watu wakashuka, wakasukuma kwenye matope. Bahati njema mama yule alifika, akajifungua salama. Lakini kila mtu alijiuliza: na safari ijayo je?

Wakalipeleka gari gereji. Fundi akasikiliza kwa dakika chache, akatikisa kichwa. Akasema: "Injini hii imechoka. Tafuteni injini nyingine."

Kikundi kikaitisha mkutano. Wakakubaliana wauze ng'ombe 6 ili wapate fedha za injini. Wakaniita niwasaidie kuandika muhtasari wa mkutano. Nilikwenda na kalamu yangu. Kabla sijaandika, nikauliza swali moja tu: "Fundi alipima nini?"

Wote wakanyamaza. Hakuna aliyejua. Fundi hakupima kitu. Alisikiliza, akakisia.

Ndugu zangu, daktari akikuambia ukatwe mguu bila kukupima, utakubali? Hukubali. Basi kwa nini tukubali kubadilisha injini ambayo haikupimwa?

INJINI NI KAMA KINU

Mimi si fundi wa magari. Niliyoyapata siku hiyo niliyapata kwa mzee mmoja, fundi mstaafu, ambaye wanakikundi walimwita aje atusaidie. Mzee yule alianza kwa kutufundisha.

Alisema hivi. Fikirini wanawake 4 wanatwanga katika kinu kimoja kwa zamu. Mchi huu ukipanda, ule unashuka. Mwendo wao ni mzuri, unaweza kuuimbia wimbo. Sasa mmoja akisinzia, mnasikia nini? Mnasikia pigo, pigo, pigo, halafu kimya. Pigo, pigo, pigo, halafu kimya. Kazi inaendelea, lakini mwendo umechechemea.

Injini ya silinda 4 iko hivyo hivyo. Kila silinda inapiga kwa zamu yake. Katika injini nyingi za namna hii zamu ni 1, kisha 3, kisha 4, kisha 2. Silinda moja ikiacha kupiga, injini yote inatetemeka. Mafundi wetu husema gari "linamisi".

Silinda ya injini ya petroli inahitaji mambo 4 ili ipige:

1. Hewa ya kutosha.
2. Mafuta safi, kwa kiasi chake.
3. Mgandamizo. Maana yake, hewa na mafuta vibanwe kwa nguvu ndani ya silinda bila kuvuja.
4. Cheche ya moto kutoka kwenye plagi, kwa wakati wake.

Likikosekana jambo moja, silinda inasinzia. Kuchoka kwa injini ni kukosa jambo la tatu, yaani mgandamizo. Lakini yako mambo mengine 3! Ukinunua injini nyingine kabla ya kuyatazama hayo 3, unanunua kitu cha bei kubwa kabla ya kutazama vya bei ndogo.

SWALI LA KWANZA: TANGU LINI, NA WAKATI GANI?

Mzee akauliza: "Kutetemeka kulianza lini? Asubuhi au mchana? Injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Kabla yake mlifanya nini?"

Dereva akajibu, "Ah, ni siku nyingi kidogo." Mwenyekiti akasema, "Hutetemeka wakati wote." Mwingine akasema, "Hapana, si wakati wote." Wakaanza kubishana.

Hapo ndipo mama katibu alipofungua kikapu chake, akatoa daftari hili. Yeye aliandika habari za gari kila siku. Alianza kuandika ili kudhibiti fedha za mafuta. Lakini kila dereva aliporudi, alimuuliza pia: "Gari likoje leo?" Akaandika jibu. Sikilizeni aliyoandika:

"Tarehe 3. Tumebadilisha plagi zote 4.
Tarehe 9. Gari linatetemeka asubuhi. Mchana zuri.
Tarehe 12. Mvua usiku. Asubuhi linatetemeka sana.
Tarehe 15. Jua kali. Zuri siku nzima.
Tarehe 18. Mvua. Limezima njiani na mgonjwa."

Mzee alisoma mistari hiyo mara 2. Akacheka. Akasema: "Mama, umekwisha maliza nusu ya kazi yangu."

Kwa nini? Kwa sababu injini iliyochoka haijui mvua wala jua. Ikivuja mgandamizo siku ya mvua, itavuja na siku ya jua. Lakini umeme wa plagi hupenda maji. Pakiwa na unyevu, umeme hupata njia ya kutoroka. Tena, ugonjwa ulianza siku chache baada ya plagi kubadilishwa. Anayebadilisha plagi hushika na kuvuta nyaya zake. Basi mzee akaanza kushuku upande wa umeme.

Angalieni vizuri. Alishuku. Hakusema "nimejua". Shuku si ushahidi. Lazima upime.

SWALI LA PILI: MACHO, MASIKIO NA PUA VINASEMA NINI?

Kabla ya kushika spana, tumia viungo ulivyopewa na Mungu.

Tazama moshi unaotoka kwenye eksozi. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi au hewa imepungua. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweupe na mzito usiokoma hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yanapungua, ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye silinda. Mvuke kidogo asubuhi ya baridi si ugonjwa.

Tazama chujio la hewa. Hapa kwetu wakati wa kiangazi, barabara za kwenda Kakola na Geita hujaa vumbi jekundu. Chujio likijaa vumbi, injini hukosa pumzi. Lifungue, lielekeze kwenye jua. Usipouona mwanga upande wa pili, limeziba.

Sikiliza. Chukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja. Weka ncha moja sikioni, na nyingine ipitishe karibu na mipira midogo ya hewa kwenye injini. Ukisikia mlio kama wa nyoka, "sssss", hapo hewa inaingia kwa njia ya wizi. Jihadhari na feni na mikanda inayozunguka. Nguo ndefu, kitenge na mikono mipana ya shati visikaribie.

Nusa. Pakinuka petroli mbichi, simama hapo hapo. Zima injini. Tafuta panapovuja kwanza. Usiwashe kiberiti, usivute sigara, usitumie koroboi kumulika. Gari linaungua kwa dakika chache, na mtu pia.

Mwisho, angalia mafuta yenyewe. Tia petroli kidogo katika chupa ya kioo iliyo safi. Funga, iache itulie kwa saa moja. Kama kuna maji, yatakaa chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Utaona mstari kati yao. Uchafu nao utakaa chini. Mafuta ya madumu na chupa kando ya barabara huenda yamepata maji au yamechanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kutia alama maalumu katika mafuta ili kuwabaini wachanganyaji. Nunueni mafuta kituoni, mdai risiti, na mbandike risiti katika daftari.

Kwa gari la wenzetu, moshi ulikuwa wa kawaida. Chujio la hewa lilikuwa safi. Mlio wa nyoka haukusikika. Petroli kwenye chupa haikuwa na maji.

Mama katibu akaandika yote. Hata "sikuona kitu" ni jibu. Liandikwe.

SWALI LA TATU: NI SILINDA IPI?

Sasa mzee akataka kumjua mtwangaji aliyesinzia.

Njia yake ni rahisi, lakini ina hatari. Umeme wa plagi ni volti maelfu mengi. Usivute waya wa plagi kwa mkono injini ikiwaka. Utarushwa. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anaweza hata kufa.

Mzee alifanya hivi. Alihakikisha kwanza hakuna petroli inayovuja. Akazima injini. Akachomoa waya wa silinda ya 1. Mwisho wa waya ule akauchomeka kwenye plagi kuukuu, na plagi hiyo akaifunga imara iguse chuma cha injini, ili umeme upate pa kwenda. Akasimama mbali, dereva akawasha. Wakasikiliza kwa muda mfupi, hata nusu dakika haikufika. Wakazima. Akarudisha waya mahali pake, akaenda silinda ya 2. Kisha ya 3. Kisha ya 4.

Haya ndiyo majibu katika daftari:

"Silinda 1: imetetemeka zaidi.
Silinda 2: imetetemeka zaidi.
Silinda 3: haikubadilika.
Silinda 4: imetetemeka zaidi."

Nani ataniambia maana yake? Ndiyo, mama pale nyuma. Sawa kabisa! Ukimwondoa mtwangaji anayefanya kazi, kazi inaharibika zaidi. Ukimwondoa aliyesinzia, hakuna tofauti. Basi mgonjwa ni silinda ya 3.

Tazameni tulipofika, ndugu zangu. Asubuhi tuliambiwa injini nzima imekufa. Sasa tunajua silinda 3 ni nzima, na 1 ni mgonjwa. Hatujanunua kitu. Hatujafungua injini.

SWALI LA NNE: UGONJWA UNAHAMA AU UNABAKI?

Hili ndilo fundisho kubwa la leo. Nitalisema polepole.

Hamisha kitu kimoja tu. Kisha pima tena. Uone ugonjwa umehama pamoja na kitu hicho, au umebaki palepale.

Mzee alichomoa plagi ya silinda ya 3. Akaitia silinda ya 1. Plagi ya silinda ya 1 akaitia silinda ya 3. Wakapima tena. Kama ugonjwa ungehamia silinda ya 1, plagi ndiyo mbovu. Lakini ugonjwa ulibaki silinda ya 3. Basi plagi haina kosa.

Plagi zenyewe alizitazama pia. Plagi husema habari za ndani ya silinda. Ikiwa na rangi ya kahawia au kijivu, kazi inakwenda vizuri. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa imelowa oili, oili inapita pasipostahili. Ikiwa nyeupe na imeungua, moto umezidi. Ile ya silinda ya 3 ilikuwa imelowa petroli. Maana yake mafuta yalifika, lakini hayakuwaka.

Sasa mzee akasema tungoje usiku. Watu wakashangaa. Giza lilipoingia, akafungua boneti, akawasha injini. Akachukua chupa ya kunyunyizia maji, akanyunyiza ukungu mdogo juu ya nyaya, mikono ikiwa mbali. Ndugu zangu, tuliona kwa macho yetu! Kwenye waya wa silinda ya 3, cheche za buluu ziliruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma cha injini. Tik, tik, tik.

Waya ule ulikuwa umelalia chuma chenye moto. Mpira wake uliungua, ukapasuka. Siku ya jua umeme ulijitahidi ukafika kwenye plagi. Siku ya mvua ulitoroka njiani. Aliyebadilisha plagi tarehe 3 hakuurudisha waya kwenye kishikio chake.

Hata hapo mzee hakusema "nunueni". Aliazima waya kutoka gari la jirani lenye injini ya aina hiyo hiyo. Akautia. Akawasha. Injini ikatulia. Michi 4 ikarudi kutwanga kwa zamu yake.

Kesho yake walinunua nyaya mpya, zote 4, kwa bei isiyofika ya mbuzi mmoja. Wakarudisha waya wa jirani na kumshukuru. Wale ng'ombe 6 wakaenda malishoni kama kawaida. Na mimi nikaandika muhtasari mwingine wa mkutano.

USIBADILISHE VITU VINGI KWA PAMOJA

Kuna watu husema: "Mimi nilibadilisha plagi, koili, pampu na filta siku moja, gari likapona." Vizuri, limepona. Lakini kipi kilikuwa kibovu? Hajui. Amelipa vitu 4 kwa ugonjwa wa kitu 1. Tena spea nyingine za bei nafuu ni mbovu tangu dukani. Ukitia kibovu kipya, sasa una magonjwa mawili.

Kitu kimoja, kipimo kimoja, mstari mmoja katika daftari. Hiyo ndiyo njia.

JE, INJINI IKIWA IMECHOKA KWELI?

Nisiwadanganye. Daftari haliwezi kufufua injini iliyokufa. Wakati mwingine fundi husema kweli.

Lakini hata hapo kuna kipimo. Fundi huchomoa plagi zote, huzuia mafuta na moto wa plagi, kisha huweka kipima mgandamizo kwenye tundu la kila silinda kwa zamu. Dereva huzungusha stata. Kipima huonyesha namba. Andikeni namba 4. Kwa mfano, ukisoma 12, 12, 5, 12, basi silinda ya 3 inavuja. Kama namba zote zimekaribiana na ni nzuri kwa injini ya aina hiyo, mgandamizo una afya, na ugonjwa uko kwingine.

Fundi akitaka kujua inavujia wapi, hutia oili kijiko kimoja katika silinda ile na kupima tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Hata hapo si lazima kununua injini nzima. Huenda ni valvu moja tu.

Kikundi kingine nilichokitembelea kilipima hivyo. Namba zote zilikuwa chini sana, na moshi wa buluu ulijaa uwanja. Gari lao lilikuwa limechoka kweli. Waliamua kuliuza likiwa hivyo, bila kumficha mnunuzi. Hawakufurahi, lakini hawakupoteza fedha kwa kukisia. Kujua habari mbaya mapema nako ni faida.

GARI LA DIZELI NA GARI LENYE KOMPYUTA

Wengine mna Land Cruiser za dizeli, na wengine mna injini za dizeli kwenye makarasha ya dhahabu na mashine za kusaga. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Kwa hiyo usitafute waya wa plagi. Tazama kwanza maji kwenye filta ya dizeli. Filta nyingi zina skrubu ya kutolea maji chini yake. Toa kidogo katika chupa ya kioo, uangalie. Pili, tazama kama hewa inaingia kwenye mipira ya mafuta. Mpira uliopasuka au klipu iliyolegea hutosha kuitetemesha injini. Injini ikitetemeka na kutoa moshi mweupe ikiwa baridi tu, halafu ikatulia ikipata moto, mwambie fundi apime plagi za kupasha joto.

Onyo! Msilegeze mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli, hasa katika injini mpya. Dizeli hutoka humo kwa nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Likitokea, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama haumwi. Kazi hiyo ni ya fundi wa nozeli.

Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka kifaa cha kusoma, nacho huonyesha namba. Kwa mfano P0303. Herufi na tarakimu hizo maana yake silinda ya 3 inakosa kupiga. P0301 ni silinda ya 1. P0300 maana yake silinda inayokosa haijatambuliwa, au ni zaidi ya moja. Mwombeni fundi awaonyeshe namba, mwiandike wenyewe. Ninyi mnajua kusoma!

Lakini kumbukeni: namba inataja silinda, haitaji kilichoharibika. P0303 haisemi "nunua koili". Koili inaweza kuwa nzima, na plagi au nozeli ikawa mbovu. Magari mengi ya namna hiyo yana koili juu ya kila plagi. Zima injini, hamisha koili ya 3 uitie kwenye silinda ya 1. Namba ikibadilika ikawa P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Ni kanuni ile ile ya mzee wetu.

TUMHESHIMU FUNDI, LAKINI TUMPE HABARI

Nisieleweke kwamba mafundi ni wezi. Fundi yule wa kwanza hakuwa mwizi. Alipelekewa gari siku ya mvua, na watu waliosema tu: "Bovu, tengeneza." Hakuna aliyempa habari. Angelionyeshwa daftari hili, labda angelifikiri kama mzee.

Basi mkienda gereji, msiseme "badilisha plagi" wala "badilisha injini". Semeni mlichoona: "Linatetemeka likiwa baridi. Lilianza tarehe 9. Huzidi siku ya mvua. Moshi ni wa kawaida." Kisha muulizeni kwa adabu: "Fundi, umepima nini, na umepata jibu gani?" Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Na kifaa cha zamani kikiondolewa, chukueni mrudi nacho, mkikague kikundini.

Ndugu wanakisomo, wengine huniuliza: "Bwana Elimu, nimejua kusoma na kuandika, sasa nifanyie nini? Sina ofisi." Jibu langu ni daftari hili. Mama huyu hana ofisi. Hajui kutumia spana. Aliandika mistari mitano tu, kwa kalamu ya risasi, na mistari hiyo ikawaonyesha mafundi njia. Aliandika alichokiona siku alipokiona, kabla watu hawajaanza kubishana.

Kila kikundi chenye gari, pikipiki, karasha au mashine ya kusaga kianze daftari lake wiki hii. Andikeni tarehe, mafuta na mahali mliponunua, hali ya hewa, hali ya mashine, na kila kitu kilichobadilishwa. Dakika 2 kwa siku zinatosha.

Usiku wa shida utafika. Mgonjwa atakuwa amelala kiti cha nyuma. Hapo ndipo mtajua kama mlilitunza gari kwa kukisia au kwa kupima.

Nimemaliza. 

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Injini ya petroli inahitaji mambo gani 4 ili silinda ipige?
2. Kwa nini mzee alishuku umeme aliposoma daftari la mama katibu?
3. Ukiondoa waya wa silinda moja na injini isibadilike, maana yake nini?
4. Kwa nini si vizuri kubadilisha vitu vingi kwa siku moja?
5. Kikundi chenu kina mashine gani? Nani ataandika daftari lake, na ataanza siku gani?